Nguchiro Waliolinda Boma Wakiwa Nje Yake

Mwaka ule mvua ilipotea njia. Ilisikika ikinguruma mbali, nyuma ya vilima, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo yake, kisha ikanyamaza. Mto Lukolo ulikauka mpaka kokoto zake zikawa zinang'aa juani. Katika mbuga nzima maji yakabaki mahali pamoja tu, nayo ni bwawa lililokuwa ndani ya Boma.

Boma lilikuwa duara la miiba ya migunga, iliyorundikwa mpaka ikafika kimo cha mgongo wa Nyati. Humo walikaa wanachama wa Umoja: Simba, Nyati, Nyumbu, Ngiri, Sungura na Fisi, kila mmoja na ukoo wake. Waliapa kwamba ndani ya miiba hakuna kulana, na kwamba adui akimgusa mmoja wao amewagusa wote. Kiapo hakikuandikwa kwa wino. Kando ya bwawa palikuwa na ukingo wa udongo wa mfinyanzi, na kila mkuu wa ukoo alipojiunga alikanyaga udongo ule ungali mbichi, jua likaukausha. Nyayo zile ndizo zilizokuwa mkataba. Aliyekuwa na unyayo pale alikuwa na maji, alikuwa na ulinzi, na alikuwa na sauti barazani. Asiye na unyayo, hata angekohoa, ilihesabiwa hakukohoa.

Nguchiro hawakuwa na unyayo. Waliishi nje, kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa mbali kidogo na lango, wakinywa umande na maji machache yaliyovuja chini ya miiba. Walikuwa wadogo, nguchiro watano wakipandiana mabegani ndio wangefikia goti la Simba. Na mbwa mwitu, waliokuwa wakiwinda ng'ambo ya mto, sasa walivuka bila kulowa miguu.

Mkuu wao, Bi Zamoyoni, ajuza mwenye masharubu meupe, alikwenda langoni asubuhi moja akabisha hodi.

"Hodi ya nani?" akauliza Fisi. Fisi ndiye aliyekuwa Karani wa Umoja, mpokeaji wa hodi zote, kwa sababu lango lilikuwa karibu na mahali mifupa ilipotupwa, na yeye aliomba kukaa hapo. "Sioni mtu."

"Tazama chini, Bwana Karani."

"Ahaa! Nilidhani nyasi zinasema." Fisi akacheka kicheko chake kirefu mpaka mate yakadondoka. "Mnataka nini?"

"Tunataka kuweka unyayo wetu."

"Nyie? Umoja huu ni wa ulinzi, bibi. Ni nani aliyewahi kuwaona mkipigana?"

"Nyoka wametuona," akasema Bi Zamoyoni. "Ila waliotuona hawapo tena wa kusimulia."

Fisi akajikuna sikio akifikiri, na alipofikiri tumbo lake lilinguruma. "Basi nileteeni askari ishirini. Wakifanya kazi vizuri, nitalifikisha ombi lenu kwa Mfalme. Msijaribu kumwendea wenyewe. Simba hasemi na mtu asiyefika gotini. Maneno ya wadogo humfikia kwa mdomo wangu."

Basi wakaenda ishirini, wakiongozwa na Sudi, kijana mchangamfu aliyekuwa akipigana huku akipiga soga. Walipewa lindo kwenye pango la watoto wa Simba, maana joto lilikuwa limewafukuza nyoka mashimoni. Siku ya tisa akaja swila mnene kama mkono wa mtwangaji. Sudi alimrukia, akatemewa sumu, akafumba macho akapigana kwa kusikiliza. Swila alikufa. Ila katika purukushani ile nusu ya mkia wa Sudi ilibaki kinywani mwa nyoka.

"Hata hivyo ulikuwa mrefu mno," akasema Sudi aliporudi nyumbani. "Ulikuwa unanichelewesha."

Baada ya mwezi Fisi akaja kichuguuni na kibao cha udongo mkavu mdomoni. Juu ya kibao palikuwa na unyayo mkubwa, vidole vinne, na mbele ya vidole alama za kucha, ndefu na za kutisha.

"Sahihi ya Mfalme," akasema Fisi. "Tazameni kucha hizo! Amefurahi sana. Anasema bado kidogo."

Nguchiro wakakizunguka kile kibao wakinong'ona kwa heshima. Kweli, nani mwingine angekuwa na kucha kama zile? Kila nguchiro anajua kwamba ukubwa wa mtu uko kwenye kucha zake, kwa kuwa nguchiro huchimba, na kwa mchimbaji kucha ndiyo cheo. Wakakipokea kwa mikono miwili.

Ukaja mchango wa pili. Safari hii Fisi alitaka askari arobaini kwenye kivuko cha mto, na mayai thelathini ya kanga "kwa ajili ya baraza." Nguchiro wakachimba mashimo membamba kwenye mchanga wa kivuko, wakayafunika kwa majani makavu. Mbwa mwitu walipokuja mbio, miguu yao ilizama mpaka magotini, na kabla hawajajichomoa filimbi za nguchiro zilikuwa zimelia kutoka kila upande. Nyati alizisikia akiwa Bomani. Alitoka kwa hasira zake za kawaida, akawatawanya mbwa wale kama makapi. Boma likalala salama. Fisi akaleta kibao cha pili, kucha zile zile, maneno yale yale: Mfalme amefurahi zaidi, bado kidogo.

"Bado kidogo ya nini?" akauliza Sudi.

"Subira huvuta heri, kijana," akasema Fisi, akatafuna ganda la yai lililokuwa limebaki jinoni.

Vibao vilitunzwa na dada yake Sudi, aliyeitwa Sikitu. Kazi hiyo alipewa kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeweza kukaa nayo bila kuchoka. Sikitu alikuwa na wasiwasi tangu azaliwe. Kabla ya kutoka shimoni alichungulia mara tatu. Akishatoka, alirudi kuhakikisha kama kweli alichungulia. Kila asubuhi alivipangusa vibao kwa masharubu yake, mtaro kwa mtaro, kidole kwa kidole, akavirudisha mahali pale pale, kisha akavisogeza kidogo kwa sababu havikuwa sawasawa.

Siku tatu kabla ya baraza kuu la Umoja, Fisi alileta kibao cha tatu.

"Sasa Mfalme ameamua," akasema. "Mchango wa mwisho. Askari wote waliobaki waje siku ya baraza, asibaki mwenye meno hata mmoja. Watakaa kwenye lindo la kaskazini mpaka mvua inyeshe. Mayai hamsini mniletee kesho. Mkishindwa, jina lenu linafutwa, na msibishe hodi tena."

Akaondoka akichechemea kwa raha zake. Lindo la kaskazini lilikuwa mwendo wa nusu siku. Mbwa mwitu walikuwa wameonekana jana yake wakinusa upande wa kusini, na humo shimoni walikuwamo watoto kumi na saba ambao macho yao yalikuwa ndiyo kwanza yamefunguka.

"Tukikataa," akasema Bi Zamoyoni taratibu, "kila kitu tulichotoa kimekwenda bure, pamoja na mkia wa mjukuu wangu."

"Mkia uacheni, umeshapumzika," akasema Sudi. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Na tukikubali, watoto hawa watalindwa na nani? Sikitu, lete vibao. Nataka kuona tena hiyo sahihi tunayoifia."

Sikitu akavileta, akavipanga mbele ya bibi yake. Akasimama. Akasugua mikono.

"Sema, mjukuu wangu. Ukisugua mikono hivyo najua kuna jambo."

"Si jambo, bibi. Pengine si jambo. Ila kidole cha pili kutoka nje. Kwenye vibao vyote vitatu. Vidole vingine vina ukucha, hiki hakina. Kuna kijidoa tu, kama cha kitu kilichovunjika."

"Mfalme ni mtu mzima. Kucha huvunjika."

"Ndiyo, bibi. Ila…" Akakisogeza kidogo kibao cha tatu. "Nimekuwa nikijiuliza. Sisi hatujawahi kuuona unyayo wa Simba. Tumeonyeshwa tu na Fisi. Nikikosea je?"

"Ukikosea utakuwa umekosea, na jua litachwa kama kawaida. Mayai yanapelekwa kesho asubuhi. Utayapeleka wewe. Mwenye mzigo wa Karani huruhusiwa kuingia. Ingia ukaangalie."

Asubuhi Sikitu aliingia Bomani na wabebaji wenzake, kila mmoja akisukuma yai lake mbele yake. Wenzake walipoyakabidhi wakatoka. Yeye alijibanza nyuma ya kigogo kilichokuwa kando ya bwawa.

Simba akashuka kunywa maji. Alikuja polepole, akitikisa manyoya ya shingo, kidevu juu. Alikunywa kidogo, akajitazama majini kwa muda mrefu zaidi ya alivyokunywa, akageuka upande wa pili akajitazama tena, kisha akaondoka. Sikitu akatoka mbio, akainama kwenye tope bichi.

Vidole vinne. Duara zuri, kubwa kuliko lile la vibao. Mbele ya vidole, hakuna kitu. Hakuna ukucha hata mmoja.

Akaangalia mguu wa kulia, akaangalia wa kushoto, akaangalia ya nyuma yote miwili. Akarudia. Akauendea unyayo wa Simba kwenye mkataba wenyewe, ule uliokaushwa na jua miaka mingi. Nao ulikuwa laini kama ua. Ndipo alipoelewa: Simba huficha kucha zake atembeapo, kama mwungwana anavyoficha kisu. Anayetembea na kucha nje ni mwingine kabisa.

Akafuata nyayo zilizotoka langoni kwenda kwenye rundo la mayai. Vidole vinne, kucha nne… hapana. Kucha tatu, na kijidoa.

"Unasoma nini hapo, binti?"

Sikitu aliruka juu nusura atumbukie bwawani. Alikuwa Sungura, ameegemea kigogo, anatafuna jani.

"Hakuna kitu, mjomba. Nilikuwa natafuta njia ya kutokea."

"Njia ya kutokea iko nyuma yako. Wewe ulikuwa unatazama mguu wa Karani." Sungura akashusha sauti. "Ukucha ule aliuvunja mwaka jana. Aliona mfupa kwenye ufa wa mwamba, akaingiza mguu, akavuta. Mfupa ulitoka, ukucha ukabaki. Mwenyewe anasema ilikuwa biashara nzuri."

Sikitu akamweleza yote, tangu kibao cha kwanza hadi cha tatu, akarudia sehemu mbili asije akawa amezieleza vibaya. Sungura alisikiliza masikio yakizidi kusimama.

"Basi ndiyo maana!" akasema. "Sisi barazani tumeambiwa nyie ni vibarua wa Fisi. Zamu zake zote mmezishika nyie, na sifa kapewa yeye."

"Mjomba, nenda kamwambie Mfalme kwamba amedanganywa!"

"Taratibu, binti. Ukimwambia Simba kwamba amedanganywa, umemwambia kwamba ni mjinga. Shutuma huwa haimfikii, masikio yale yamejaa manyoya. Kinachomfikia ni sifa. Wewe huna sauti barazani, mimi ninayo. Naweza kukuazima."

"Kwa malipo gani?"

"Mnajua kuchimba. Nataka shimo lenye milango mitatu. Wa tatu asiujue mtu, hata mke wangu."

Sikitu akafikiri. "Milango yenye upana gani? Na wa tatu utokee kwenye nyasi au kwenye mawe? Kwenye mawe tutachelewa siku mbili."

Sungura akaacha kutafuna. Akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kwenye nyasi," akasema. "Keshokutwa uje na vibao vyako vyote. Na wewe usiseme neno hata moja. Utaharibu."

Siku ya baraza jua lilipopanda, Umoja mzima ulikusanyika bwawani. Nguchiro wenye meno, wakubwa kwa wadogo, walisimama nje ya lango pamoja na Bi Zamoyoni, wakisubiri kuondoka kwenda kaskazini au kutokwenda. Sikitu peke yake aliingia, akiburuta vibao vitatu juu ya kipande cha gome.

Fisi alikuwa amelala ubavu, tumbo limetuna kwa mayai. "Huyo ni kibarua wangu," akasema bila kunyanyuka. "Mwacheni apite."

Sungura akajitokeza mbele, akainama mpaka masikio yakagusa chini. "Mfalme, maisha marefu! Wale vijitu wa kichuguuni wana ombi moja. Wanasema usiku hawalali kwa kuwaza ukuu wako."

"Inaeleweka," akasema Simba.

"Wanaomba unyayo wako mmoja tu, wauweke kichuguuni, watoto wao wauamkie kila asubuhi."

Fisi akainua kichwa. "Mfalme asisumbuliwe kwa mambo madogo…"

"Madogo?" Simba akamgeukia. "Unyayo wangu ni jambo dogo?" Akanyanyua mguu wa mbele kwa madaha, akaukandamiza kwenye tope, akauacha hapo ili kila mtu auone, kisha akauondoa. Unyayo ukabaki, mpana, laini, wa mviringo.

Sikitu akatembea mpaka pale. Akakiweka kibao cha kwanza kando ya unyayo ule. Akakiweka cha pili. Akakiweka cha tatu, akakisogeza kidogo kwa sababu hakikuwa sawasawa. Akarudi nyuma hatua mbili, kinywa amekifumba.

Baraza likatazama. Nyati, ambaye fikra zake huja polepole lakini zikifika hazirudi, akasogeza kichwa chake kizito.

"Hivi vina kucha," akasema. "Hicho hakina."

"Vibao gani hivyo?" akauliza Simba.

Sungura akainama tena. "Wale vijitu wanasema ni sahihi yako, Mfalme. Karani amekuwa akiwapelekea."

Fisi akacheka, ila kicheko kilitoka kifupi. "Ni kweli, ni kweli. Siku zile Mfalme alikuwa na hasira. Kucha zilikuwa nje."

"Hasira?" Simba akasimama. "Niwe na hasira kwa ajili ya nguchiro? Mimi hukasirikia nyati!"

"Asante," akasema Nyati.

"Na nilitia sahihi kitu gani?"

Fisi akajikuna sikio. Baraza zima lilikuwa likimtazama usoni, isipokuwa Sikitu. Yeye alikuwa akiutazama mguu wa Karani. Akamsogelea, akasimama kwa miguu miwili kama nguchiro wafanyavyo wakiwa zamu, akanyoosha kidole kidogo kuelekea kidole cha pili kutoka nje.

Fisi akaukalia mguu wake.

"Huo mguu una nini?" akauliza Ngiri.

"Una kidonda."

"Uweke kwenye kibao," akasema Nyati.

"Una kidonda kibaya sana, ndugu yangu, kinaambukiza…"

Nyati akapiga hatua moja. Fisi akautoa mguu. Waliuweka juu ya kibao cha kwanza, ukaingia kama yai kwenye kiota. Cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu hakikuwa na haja, lakini Sikitu alikisukuma mbele, basi nacho kikapimwa.

Nyumbu wote wakaguna kwa pamoja. Simba alikuwa amesimama, manyoya yamemsisimka, lakini sura yake ilikuwa ya mtu asiyeelewa, na hilo lilimuudhi zaidi ya uongo wenyewe. Akamwinamia Sikitu.

"Wewe mdogo. Nini kimetokea hapa? Sema!"

Sikitu hakusema.

"Hawezi, Mfalme," akasema Sungura kwa upole. "Asiye na unyayo hana sauti. Ndiyo sheria yako."

"Basi na auweke huo unyayo!" akanguruma Simba. "Udongo si huo hapo? Kanyaga, useme!"

Baraza likashusha pumzi. Sungura akamkonyeza Sikitu: kanyaga upesi! Udongo mbichi ulikuwa miguuni pake. Hatua moja tu, na yeye angekuwa na maji, na ulinzi, na sauti.

Lakini Sikitu alikuwa ameusoma mkataba ule, unyayo mmoja tu wa mkuu kwa kila ukoo, na alijua unyayo wa mkuu wa ukoo hufunga ukoo mzima, na unyayo wa mtu mmoja humfunga mtu mmoja. Akatikisa kichwa mbele ya Simba. Kisha akageuka, akanyoosha mkono langoni, aliposimama ajuza mwenye masharubu meupe.

"Anakataa?" akauliza Simba kwa mshangao. Hakuna aliyewahi kumtikisia kichwa.

"Hakatai, Mfalme," akasema Sungura, na safari hii hakuwa na hila yoyote sautini. "Anataka kwanza aingie mkubwa wake."

Simba akamtazama yule kiumbe aliyekuwa akitetemeka mwili mzima na bado hasogei. Jambo la kujivunia alilijua alipoliona. "Mleteni," akasema.

Bi Zamoyoni akaingia polepole, bila haraka hata kidogo, kama aliyezaliwa humo. Akafika ukingoni. Akanyanyua mguu wake mdogo wenye vidole vitano, akakanyaga kando ya unyayo wa Simba. Alama ilikuwa ndogo kama ya jani la mkwaju lililoanguka. Ilionekana wazi.

"Sasa, mjukuu wangu," akasema, "wasalimie watu."

"Shikamooni," akasema Sikitu, na sauti yake ilitoka nyembamba, kisha ikapata nguvu. Akaeleza lindo la pango, kivuko, mayai, na askari waliokuwa wakitakiwa waende kaskazini na kuwaacha watoto peke yao. Alipofika kwa swila, watoto wa Simba wakapenya kati ya miguu ya baba yao wakakimbilia langoni.

"Yule pale! Yule kipande cha mkia! Ndiye aliyemuua nyoka!"

"Habari zenu, wadogo zangu," akasema Sudi. "Mmekua."

Simba akamgeukia Fisi. "Wewe uliniambia ulimuua swila. Nikakupa paja zima."

"Nilimuua kwa niaba yao, Mfalme," akasema Fisi. "Yaani, wao kwa niaba yangu."

Hata Nyati alicheka.

Hukumu haikuchukua muda. Unyayo wa Fisi ulisuguliwa kwa mchanga mpaka ukingo ukawa tambarare, naye akatolewa nje ya miiba. Nafasi ya ukarani alipewa Sikitu, ambaye aliuliza maswali kumi na moja kabla ya kukubali. Mayai yaliyosalia yalirudishwa kichuguuni, na nguchiro wakayasherehekea kwa desturi yao: wakageuza migongo kwenye mwamba na kuyarusha nyuma kati ya miguu, pa! pa! pa! huku watoto wakilamba.

Siku ya nne mbwa mwitu walikuja kutoka kusini, kundi zima, masikio yamesimama. Walidhani kichuguu kile hakina rafiki. Filimbi ya Sudi ililia mara moja tu. Kabla mwangwi haujafa, ardhi ilianza kutikisika: Nyati mbele, Nyumbu kama mto uliofurika, Ngiri mkia juu, na Simba akija nyuma kwa mwendo wa heshima kwa sababu alitaka aonekane vizuri. Mbwa mwitu hawakusubiri aonekane. Walivuka mto kwa kasi, na safari hii hawakukumbuka hata kutafuta kivuko.

Mvua nayo ikaipata njia mwisho wa mwezi. Asubuhi ya kwanza ya matope, kilisikika kishindo langoni, na Sikitu, baada ya kuchungulia mara tatu, akafungua kitundu cha miiba. Nje alisimama Fisi, mbavu zinahesabika, ameumia mguu kwa kutembea mbugani, na mbele yake mfupa mmoja aliokuja nao kama mchango.

"Bibi Karani," akasema kwa sauti tamu, "naomba kuweka unyayo wangu."

"Mzee, ombi lako nitalifikisha," akasema Sikitu, naye hakusema uongo, alilifikisha siku ile ile. "Ila baraza lilishasema uanze na lindo. La nje. Zamu ulizokuwa unadaiwa ni nyingi."

"Mpaka lini?"

Sudi alikuwa amekaa juu ya miiba, kipande cha mkia kinaning'inia. "Subira huvuta heri, mzee wangu," akasema.

Na Fisi bado yuko pale nje, anazunguka miiba, anatembea na kucha tatu zikiandika matopeni alikopita, kila asomaye ajue ni nani. Tangu siku hiyo, watoto wa nguchiro wakipita ukingoni mwa bwawa wakaiona ile alama ndogo kama jani kando ya unyayo wa Simba, mama zao huwaambia: mdharau mwiba, mguu huota tende.